Mizani ya Mwili na Wachuuzi Wake

Imezuka miaka hii, katika miji ya pwani na visiwa vyake, biashara ya kumwambia mtu yeye ni nani kwa kumtazama ngozi na kumuuliza usingizi wake. Mteja hukalishwa, hupewa karatasi yenye maswali: Je, ngozi yako ni kavu au ina mafuta? Ukikasirika, hasira hukaa au hupita? Ukila, tumbo hulemea? Majibu yakishajumlishwa, hutangaziwa kuwa yeye ni vata, au pitta, au kapha, kama mwanafunzi anavyotangaziwa matokeo ya mtihani. Hupewa orodha ya vyakula vya kula na vya kuacha, na mwisho wa orodha, si kwa bahati, ipo chupa. Chupa ina bei.

Wenye mahoteli ya watalii huiita elimu hiyo hekima ya kale ya Bara Hindi. Mchuuzi wa stendi ya mabasi, mwenye kipaza sauti na meza ya vichupa, huenda hajapata kulisikia neno kapha, lakini bidhaa yake ni ileile: dawa ya kusawazisha mwili, dawa ya kusafisha damu, dozi moja kwa kila anayeshuka basi. Wa kwanza amevaa kitani na wa pili amevaa kandambili, ila wote wawili wanauza mizani.

Elimu ya mizani ya mwili ni elimu ya mahali, majira, chakula na kazi ya mtu. Anayeing'oa humo akaifanya chapa ya kubandikwa na chupa ya kununuliwa, ameiua elimu. Na anayeipeleka mahali panapotakiwa kipimo cha ugonjwa, ataua na watu. Haya mawili ndiyo yanayopasa kusemwa, na yasemwe bila kuoneana haya.

Kwanza haki itendeke kwa elimu yenyewe, maana ubishi wa haki huanza kwa kumsikiliza anayebishiwa. Ayurveda, kama ilivyohifadhiwa katika vitabu vya Kisanskriti vinavyobeba majina ya Charaka na Sushruta, hufundisha kuwa mwili huendeshwa na vitu vitatu. Vata asili yake ni hewa na uwazi: ni nyepesi, kavu, baridi, haitulii. Pitta asili yake ni moto: ni kali, ya joto, ndiyo inayopika chakula tumboni. Kapha asili yake ni maji na udongo: ni nzito, baridi, laini, hukaa mahali ikatulia. Mwenye kapha nyingi huelezwa kuwa mpole na mvumilivu, mzito wa kuamka, mwepesi wa kunenepa, mwenye mafua na makohozi yasiyomwisha. Tiba yake ni kinyume cha sifa zake: chakula chepesi na kikavu badala ya kizito na cha mafuta, tangawizi na pilipili manga badala ya vitamu, kuamka mapema, kutembea, kutoa jasho. Kanuni ni kwamba kifananacho huongeza na kipinganacho hupunguza. Methali ya Kiswahili inasema dawa ya moto ni moto; matabibu hao wangejibu kuwa dawa ya moto ni maji.

Hapa ndipo mfasiri asipopaswa kusinzia. Wauzaji wa leo hulifasiri neno dosha kuwa "nguvu ya mwili" au "nishati yako", na mteja hutoka kifua mbele kana kwamba amevikwa nishani. Lakini dosha kwa Kisanskriti hutokana na kitenzi chenye maana ya kuharibika. Dosha ni kasoro, ni kile chenye uwezo wa kuharibu kinapotoka katika kiasi chake. Matabibu wa kale walikuwa wakitaja hatari. Wachuuzi wa leo wanataja sifa. Aliyeambiwa "wewe una kasoro ya uzito, ichunge" ameambiwa jambo la kumfanya aamke alfajiri. Aliyeambiwa "wewe una nishati ya kapha" amepewa mto wa kulalia.

Upotoshaji wa pili ni mbaya zaidi. Vitabu hivyo hutofautisha maumbile aliyozaliwa nayo mtu, yaitwayo prakriti, na hali aliyo nayo leo, iitwayo vikriti. Tabibu hutakiwa ayaangalie yote mawili, kisha aangalie umri, majira, nguvu za kuyeyusha chakula, mazoea ya mgonjwa, na nchi anayokaa. Nchi imegawanywa humo mafungu matatu: nchi kavu ya upepo, nchi ya majimaji na vinamasi, na nchi ya wastani, na dawa ifaayo katika moja haifai katika nyingine bila kupimwa upya. Wagiriki nao wana maandiko ya jamii ya Hippocrates juu ya hewa, maji na mahali, yanayomwamuru tabibu aingiapo mji mgeni auulize kwanza upepo wake na visima vyake. Karatasi ya maswali haiulizi upepo wala kisima. Karatasi iliyopigwa chapa mara moja itauzwa Unguja, Dubai na Toronto bila kubadilishwa nukta, na hapo ndipo inapojifichua kuwa haina nasaba na elimu inayodai kuirithi.

Linafuata swali ambalo wapenzi wa lugha wangepaswa kuliuliza zamani: hivi Waswahili walikuwa hawana elimu hii mpaka wakaletewa kwa karatasi? Jibu limo vinywani mwao wenyewe. Mzee anayeumwa na viungo husema ana baridi yabisi, na daktari wa hospitali huandika hivyo hivyo bila kufikiri. Baridi na yabisi ni sifa mbili kati ya zile nne za tiba ya Kiyunani iliyopitia kwa Waarabu: hari, baridi, yabisi na rutuba. Balghamu ni mojawapo ya vimiminika vinne vya tiba hiyo, ni baridi na rutuba, na ni binamu wa kapha kwa kila sifa. Safura ni kimiminika kingine, nyongo ya manjano, hari na yabisi. Leo katika vitabu vya shule ni jina la ugonjwa wa upungufu wa damu uletwao na minyoo. Rutuba imehamia shambani, ikawa sifa ya udongo. Harara imebaki kwenye ngozi na kwenye hasira. Tabia, ambayo kwa Kiarabu ni maumbile, kwa Kiswahili imekuwa mwenendo, na mizaji ni mchanganyiko wa sifa hizo ndani ya mtu mmoja. Nyumba nzima ya elimu imebomoka, lakini matofali yake yamejengewa vibanda mji mzima, na watu wanaishi humo bila kujua.

Nasaba ya elimu hizi mbili haikutenganishwa na bahari. Zama za Bani Abbas vitabu vya tiba vya Kihindi vilitafsiriwa Baghdad, na Ali bin Rabban al-Tabari, katika kitabu chake Firdaws al-Hikma alichokimaliza mwaka 850, alitenga sehemu nzima kueleza tiba ya Wahindi baada ya kueleza ya Wayunani. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, ndiye aliyeipanga ile ya Kiyunani katika Qanun yake. Kisha pepo za msimu zikafanya kazi iliyosalia. Majahazi yaliyoleta vitambaa na samli pwani hii yalileta pia vitabu, na watu wa kuvisoma.

Elimu hiyo haikukaa vitabuni tu. Iko jikoni. Mwanamke aliyejifungua, katika nyumba za Unguja, Pemba, Lamu na Mombasa, hupewa uji wa pilipili manga na supu ya moto, hukandwa kwa maji ya moto, huzuiwa na vitu vya baridi mpaka arubaini yake itimie. Mwenye kikohozi hukatazwa dafu kwa kuwa dafu ni baridi. Hakuna bibi anayemwambia mjukuu "wewe ni balghamu" kisha akamwachia hapo. Humwambia: leo usile tango, mvua imenyesha na wewe una mafua, kesho kutwa, jua likiwaka, utakula. Hukumu yake ina siku na ina hali ya hewa. Methali isemayo mwacha asili ni mtumwa imetumika mno hata ikachakaa, lakini ina haki ya kutumika mara moja hapa: mtu aliyezaliwa katika nyumba ya hari na baridi anakwenda kununua, kwa fedha za kigeni, nusu ya yale aliyokatazwa na bibi yake bure.

Wasomaji wa ushairi wana sababu ya pekee ya kukerwa na biashara hii, kwa sababu mizani ni neno lao. Mshairi anajua kuwa mizani si jina la shairi. Ni hesabu inayofanywa upya katika kila mshororo. Mshororo wa kwanza ukitimiza nane na nane, wa pili hausameheki kwa ajili ya wema wa wa kwanza. Hakuna mshairi anayesema "mimi ni mtu wa mizani" kisha akaacha kuhesabu. Na kadhalika mwili. Aliyepimwa Januari, kaskazi ikivuma na jua likichoma, si yule yule wa Julai katika kipupwe. Aliyepimwa kabla ya kufiwa si yule wa baada ya kufiwa. Chapa humwondolea mtu kazi ya kuhesabu, na kazi hiyo ndiyo yote iliyokuwa na maana katika elimu hii.

Elimu inayodai kuwafaa watu wote haipimwi mahali ilipozaliwa. Hupimwa ugenini. Basi na itolewe pwani, ipelekwe Lusahunga.

Lusahunga ni kata ya wilaya ya Biharamulo, mkoani Kagera, kusini-magharibi ya Ziwa Viktoria, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Dar es Salaam. Barabara kuu itokayo Ushirombo na Nyakanazi hupita hapo ikielekea Ngara. Kutoka Lusahunga hadi daraja la Rusumo, mpakani na Rwanda, ni kilomita 92, na kabla ya kufika huko njia nyingine huchepuka Nyakasanza kwenda Kobero, mpakani na Burundi. Mafuta, saruji na ngano za nchi mbili hupita mlangoni mwa kata hiyo usiku na mchana. Nchi iko zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari, asubuhi zake zina baridi, mvua zake ni za misimu miwili, na kusi na kaskazi ni maneno yasiyokuwa na kazi huko. Chakula ni ndizi, mihogo, mahindi na maharage, na dagaa wa ziwani. Wenyeji ni Wasubi, na jirani zao wa Ngara ni Wahangaza. Wamo pia Waha na Wasukuma waliohamia na mifugo na majembe yao. Kila watu hao wana lugha yao ya mwili na waganga wao, na Kiswahili cha hari na yabisi ni mgeni kwao kama kilivyo Kisanskriti.

Sasa karatasi ya maswali ifunguliwe hapo. Inamwambia mkulima wa kapha asile ndizi, kwa kuwa ndizi ni nzito na tamu, ale shayiri na majani mabichi ya bustani za Kerala. Inamwambia wa vata atumie samli na lozi. Inamwambia wa pitta aepuke jua la mchana. Mwanamke mwenye jembe mkononi na mtoto mgongoni atamkwepa nani hilo jua? Karatasi hiyo haikumwona. Iliandikwa kwa ajili ya mtu mwenye uhuru wa kuchagua chakula, saa na kivuli, na inamlaumu kila asiye na uhuru huo kwamba amejikosesha mizani mwenyewe.

Au achukuliwe dereva wa lori anayesimama hapo saa tisa usiku kunywa chai. Macho mekundu, kiungulia, kiuno kinauma, hasira iko karibu. Mchuuzi atasema pitta imepanda, na kwa maneno ya Ayurveda huenda hakukosea jina. Lakini pitta hiyo imepandishwa na nini? Na usiku tatu za kutolala, na tajiri anayesubiri mzigo Kigali, na chipsi za njiani. Barabara yenyewe ina somo bora kuliko chupa. Malori ya njia hiyo hupimwa kwenye mizani tangu Vigwaza, mkoani Pwani, kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019. Ukomo wa juu ni tani 56, lakini uzito wa jumla peke yake hautoshi, kwani kila ekseli hupimwa kwa ukomo wake. Lori lililo chini ya kiwango kwa jumla laweza kuzuiwa kwa sababu mzigo umelalia nyuma. Hapo hakuna anayelipaka lori dawa. Mzigo hupangwa upya, au hupunguzwa. Dereva aliyezidiwa anahitaji hilo hilo, na mwenye kumuuzia unga wa mizizi badala ya usingizi anamsaidia tajiri wake, hamsaidii yeye.

Hadi hapo madhara ni ya mfuko na ya akili. Yako makubwa zaidi, na wilaya hiyo hiyo ndiyo shahidi.

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa ugonjwa wa Marburg umethibitishwa Biharamulo. Mlipuko ulitangazwa kumalizika tarehe 13 Machi mwaka huo. Waliohesabiwa kuugua walikuwa watu 10: wawili waliothibitishwa na maabara, na wanane ambao dalili na mazingira yao yalionyesha kuwa ni ugonjwa huo huo. Wote 10 walifariki. Miaka miwili kabla, Machi 2023, mkoa huo huo wa Kagera ulikuwa umepata mlipuko wa kwanza wa Marburg kujulikana Tanzania, watu 9 wakaugua na 6 wakafa.

Marburg huanza kwa homa kali ya ghafla, kichwa, uchovu wa mwili. Kisha kuhara na kutapika. Kisha, kwa wengi, damu. Kwa macho tu, siku zake za mwanzo hazitofautiani na malaria wala na homa ya matumbo. Mwenye elimu ya mizaji ataona hari iliyozidi, naye ataagiza vya baridi. Ataagiza pia mgonjwa akandwe, afutwe jasho, apakwe mafuta, kwa sababu elimu hiyo, ya Kihindi na ya Kiswahili, inapenda mkono wa mtu juu ya mwili wa mgonjwa. Na Marburg huambukizwa kwa jasho, matapishi na damu ya mgonjwa. Huruma yenyewe huwa ndiyo njia ya kifo. Hakuna hari wala baridi, vata wala kapha, inayoweza kumfunulia mtu kirusi. Kukifunua kunataka damu iliyochukuliwa kwa glavu, ikapelekwa maabara. Aliyemchelewesha mgonjwa siku tatu kwa ajili ya kusawazisha joto hakuwa akitibu kwa njia nyingine. Alikuwa akizuia tiba.

Wala haihitaji Marburg kuyaona haya. Degedege la mtoto, ambalo pwani na bara limehusishwa na ndege, upepo na baridi, mara nyingi ni malaria iliyokwisha fika kichwani, na kipimo chake cha haraka cha tone moja la damu hutoa jibu kwa muda usiozidi wa kuchemsha chungu cha maharage. Kifua kikuu huonekana kama balghamu iliyoganda. Kisukari huonekana kama ukavu na kiu. Kila moja ya magonjwa haya lina mavazi ya mizaji, na likiachwa livae mavazi hayo litatembea mpaka makaburini.

Wachuuzi wana jibu lao tayari, na ni jibu linalosikika tamu: dawa hizi ni za asili, hazina madhara. Mwaka 2008 jarida la tiba la Marekani, JAMA, lilichapisha uchunguzi wa bidhaa 193 za Ayurveda zilizonunuliwa kwa intaneti, nyingine zimetengenezwa India na nyingine Marekani kwenyewe. Karibu moja katika kila tano ilikutwa na madini ya risasi, zebaki au aseniki. Baadhi ya madini hayo hayakuingia kwa uchafu; ipo tanzu ya tiba hiyo inayoyatia kwa makusudi. Nayo hayaulizi mtu ni kapha au ni pitta. Huingia kwenye figo na ubongo wa wote.

Wengine husema kupima dawa ya kale ni kuivunjia heshima. Historia inawakanusha. Mwaka 1949 Rustom Jal Vakil, daktari wa Bombay, alichapisha matokeo ya kuwapa wagonjwa wa shinikizo la damu mzizi wa sarpagandha, dawa ya zamani ya Wahindi. Mwaka 1952 kiini chake, reserpini, kikatolewa, na kwa miaka mingi kikawa miongoni mwa dawa kuu za maradhi hayo duniani. Tu Youyou wa China alisoma kitabu cha tiba cha karne ya nne, akapata humo njia ya kuikamua pakanga bila kuichemsha, akaijaribu, na kutoka hapo ikaja artemisini inayotibu malaria hata Biharamulo. Tuzo ya Nobel ikamfikia mwaka 2015. Vitabu hivyo viwili vya kale viliheshimiwa kwa namna moja tu yenye maana: viliaminiwa kiasi cha kujaribiwa. Tanzania nayo haijakosa milango. Utafiti wa tiba asili ulianza Muhimbili mwaka 1974, na Sheria Namba 23 ya mwaka 2002 iliunda baraza la kuwasajili waganga wa tiba asili na tiba mbadala. Mchuuzi anayekwepa milango hiyo haikwepi kwa ajili ya heshima ya wahenga.

Na asidhani mtu kuwa ugonjwa huu ni wa wafuasi wa Uhindi peke yao. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walipanda magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Kikombe kilikuwa kimoja, kipimo kimoja, kwa kisukari, Ukimwi, saratani na pumu. Elimu ya mizaji, hata ikiwa na makosa yake yote, ingelisimama mlangoni na kusema kuwa miili miwili haifanani. Kinachowaunganisha mwenye kikombe na mwenye karatasi ni kwamba wote wawili wamemwondolea mgonjwa upekee wake: mmoja kwa kumwingiza katika kundi moja, mwingine katika makundi matatu.

Limebaki fungu la pili la wapinzani, na hawa hawatoki stendi wala hotelini. Ni wasomi na matabibu wanaocheka. Mgonjwa husema "mwili wangu una baridi", "damu imekuwa nzito", "moto umenikaa tumboni", naye mwenye koti jeupe hutabasamu, huandika kwa lugha ambayo mgonjwa haijui, humpa vidonge bila neno. Mgonjwa huyo ndiye anayekwenda kwa mchuuzi siku ya pili, na haendi kwa ujinga. Anakwenda kwa sababu mchuuzi alimuuliza analalaje na anakula nini. Maswali yale ya karatasi, yakitolewa chapa mwishoni na chupa pembeni, ni maswali mema; hospitali ingeyauliza kwanza, mchuuzi angekosa wateja. Shinikizo la damu na kisukari, maradhi yanayoongezeka mijini na vijijini, hayapungui kwa vidonge peke yake. Yanataka chumvi ipungue, sukari ipungue, miguu itembee, usingizi utimie. Kwa kuyasema hayo Kiswahili kina maneno tayari: kiasi, mizani, kuzidi, kupunguza, kizito, chepesi. Kuyatupa maneno hayo kwa kuwa yametoka katika tiba iliyopitwa ni kumnyima muuguzi wa Lusahunga lugha ya kuzungumza na bibi wa Lusahunga.

Basi kazi ipo, na ni ya watu wa kalamu kama ilivyo ya matabibu. Elimu ya hari na baridi iliyomo majikoni mwa pwani iandikwe kabla mabibi hawajaisha, na iandikwe kwa adabu ya elimu: ni mmea gani, wa wapi, kwa kipimo gani, katika majira gani, kwa mtu wa hali gani, na ni lini bibi mwenyewe alisema "hili si langu, mpelekeni hospitali". Maana bibi mwaminifu alilisema neno hilo, na ndilo linalomtenga na mchuuzi. Wasubi na Wahangaza nao waandikiwe yao kwa maneno yao, yasifunikwe kwa Kisanskriti wala kwa Kiarabu cha pwani. Wanaofasiri vitabu vya Ayurveda kwa Kiswahili, na ni kazi njema, wafasiri na ile sura ya nchi na majira, na waliache neno dosha liseme kasoro kama linavyosema.

Na mtu mwenye homa, awe Unguja au Lusahunga, asiulizwe yeye ni aina gani. Apimwe damu siku hiyo hiyo.